Kasi tumeisikia, foleni je?

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi! Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie habari mliyotoa kuhusu rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuteremka vilima vya reli kwa kasi) mpya ya Saudi Arabia, ile inayoitwa Falcons Flight, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2025 huko Qiddiya, nje ya jiji la Riyadh. Mmetuandikia kasi yake, kilomita 250 kwa saa. Mmetuandikia urefu wa reli yake, zaidi ya kilomita nne. Mkaweka na picha ya watu midomo wazi, mikono juu. Habari ilikuwa tamu, niliisoma nikairudia. Ila mmesahau kitu ambacho mimi ndicho ninachokitafuta kwanza kila mashine mpya inapofunguliwa duniani: kwa saa moja inabeba watu wangapi, na wale ambao zamu yao haijafika wanasubiri wapi na kwa muda gani.

Najua yupo msomaji atakayeuliza bibi wa Chang'ombe (ya Dodoma, siyo ya Temeke) ana habari gani na rola kosta. Nimjibu mapema tumalizane. Nilikuwa mkata tiketi wa reli mpaka nilipostaafu. Miaka yote hiyo nilikaa ndani ya dirisha, watu wako nje, na kati yetu kuna kitundu cha kupitisha pesa. Baadaye mjukuu wangu akanionyesha kwenye simu picha za mashine hizi, akidhani nitaogopa. Sikuogopa. Niliona stesheni, niliona behewa, niliona abiria wamejipanga, nikamwambia arudishe nyuma nione wanavyopakia. Tangu siku hiyo nimeshikwa na mashine hizo.

Wala siko peke yangu. Jioni kibarazani kwangu tunakaa wanne. Yupo jirani yangu fundi wa kuchomelea mageti, yupo kijana wa bodaboda anayepaki hapo akisubiri abiria, na yupo mwanafunzi wa takwimu aliyepanga chumba cha uani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda rola kosta. Kwenye bara letu kubwa tunayoisikia sana ni Anaconda ya Gold Reef City pale Johannesburg, na nauli ya kufika huko mimi sina. Lakini ni Watanzania wangapi wanaokariri kikosi cha Arsenal na London hawajafika? Tuacheni na sisi tukariri zetu.

Kijana wa bodaboda, kama mtakavyodhani, ni mtu wa kasi. Formula Rossa ya Abu Dhabi ilipokuwa inaongoza kwa kilomita 240 kwa saa, tangu mwaka 2010, alikuwa akiitaja kama anataja ukoo wake. Sasa amehamia Riyadh. Anapenda kutukumbusha kwamba treni yetu ya umeme, hii inayotuleta kutoka Dar es Salaam, inakwenda 160, kwa hiyo wale jamaa wanaipita kwa kilomita tisini wakiwa hawana hata paa juu ya kichwa. Fundi yeye ni mtu wa vyuma. Atakueleza habari za John Miller, Mmarekani aliyebuni magurudumu yanayokaa chini ya reli, hata treni ikivuka kilima kwa kasi isinyanyuke ikaacha njia. Hati yake ya ubunifu ni ya mwaka 1919 na mpaka leo hakuna anayejenga bila wazo hilo. Mwaka 2025, tarehe 28 Februari, walipoiangusha kwa baruti Kingda Ka, rola kosta ya New Jersey, Marekani, yenye mnara wa mita 139, fundi hakufungua karakana mchana ule. Alisema haiwezekani chuma cha namna ile kikaondoka bila tanga. Tulimcheka, lakini chai tulimpelekea.

Mimi nao tunagombana kwa sababu naona wote wawili wanaangalia mahali pasipo na tatizo. Kingda Ka ilimpeleka mtu juu na kumrudisha stesheni katika muda usiofika hata dakika moja. Siku za watu wengi, dakika hiyo ilinunuliwa kwa kusimama saa nzima, saa mbili, na zaidi. Sasa mashine ni ipi hapo? Ile ya dakika moja au ile ya saa mbili? Mtu amelipa kiingilio cha siku nzima. Ukimpimia siku yake, sehemu kubwa aliitumia akiangalia kisogo cha mwenzake.

Anayedhani nimeanza kuzeeka vibaya aitazame historia. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake ya kuteleza pale Coney Island, New York. Nauli senti tano. Kasi yake ilikuwa kama kilomita kumi kwa saa, baiskeli ya mzee inaipita. Watu walipanda ngazi za mnara, wakakaa kwenye benchi, behewa likateleza mpaka mnara wa pili. Pale walishuka wote, wahudumu wakalisukuma behewa hadi njia ya kurudia, watu wakapanda tena, wakarudi. Kila safari moja mnapakia mara mbili na kushusha mara mbili. Mkata tiketi yeyote akisikia hivyo kichwa kinamuuma.

Na waliomfuata waliliona. Mwaka uleule Charles Alcoke aliikunja njia ikawa duara, abiria akarudi pale pale alipopandia bila kushuka. Mwaka uliofuata Philip Hinkle akaweka mashine ya kulivuta behewa juu ya kilima likiwa na watu ndani yake. Huko kuvutwa juu mnakokuona kwenye video kulianzia hapo. Angalieni, Mhariri, wote hao wawili walikuja kutibu upakiaji. Mbio na urefu vilifuata baadaye, na vilifuata kwa sababu sasa kulikuwa na watu wengi wanaoweza kupanda kwa saa moja na kulipa.

Tena kuna Matterhorn ya Disneyland, California, ya mwaka 1959. Inasifiwa kwa kuwa ya kwanza kutumia reli za mabomba ya chuma, na sifa hiyo ni halali, fundi akiizungumzia hukaa wima. Lakini kwangu ukubwa wake ni kwamba njia iligawanywa seksheni, na kila seksheni inakubali gari moja tu kwa wakati. La nyuma haliruhusiwi kuingia mpaka la mbele limetoka. Likikosea linasimamishwa na breki lenyewe. Kwa utaratibu huo unaweza kuwa na magari kadhaa yanazunguka mlimani kwa pamoja bila kugongana. Sisi wa reli tulizaliwa ndani ya jambo hilo. Treni haitoki stesheni mpaka wa mbele akubali kwamba njia iko wazi. Niliposoma kwamba rola kosta zote kubwa zinaendeshwa hivyo, nilijisikia nipo nyumbani.

Seksheni zikishapangwa, kinachobaki kuamua foleni ni watu wa stesheni. Hapa naomba wasomaji wanivumilie kwa hesabu kidogo. Chukua treni ya viti 24. Ikiondoka moja kila dakika, kwa saa wamepanda watu 1,440. Ikiondoka moja kila dakika na nusu, wamepanda 960. Watu 480 wamepotea kwa nusu dakika tu! Na hiyo nusu dakika inakwenda wapi? Inakwenda kwa mama anayetafuta pa kuweka mkoba, kwa kijana anayeficha simu, kwa yule aliyekaa kiti cha mbele wakati rafiki zake wako nyuma, kwa mkanda uliobana ukamshinda mhudumu. Na inakwenda kwenye viti vitupu, kwa sababu watu watatu hawataki kutenganishwa kwenye safu ya viti vinne. Ndiyo maana bustani nyingi za michezo za Ulaya na Marekani zina mlango wa pembeni wa wale waliokuja peke yao. Wanaitwa mmoja mmoja kujaza mapengo. Hawachagui kiti, hawakai na mwenzao, lakini wanapita haraka na foleni kuu haipotezi chochote, maana kiti kile kingeondoka kitupu.

Mnakumbuka Juni 2019 huko Orlando, Marekani, kampuni ya bustani za michezo ya Universal walipofungua rola kosta yao ya pikipiki ya Hagrid, yule jitu wa hadithi za Harry Potter? Siku ya kwanza muda wa kusubiri foleni ulifika saa kumi nzima. Saa kumi, Mhariri! Mtu akiondoka hapa kwa basi asubuhi anaweza kufika Dar es Salaam, akaoga, akala, na mwenzake hajafika mbele. Na ile haikuwa mashine iliyotengenezwa kizembe. Ina sakafu inayotembea sambamba na treni ili watu wapande bila treni kusimama kabisa. Pamoja na yote hayo, ikawashinda. Bodaboda alisema foleni ya saa kumi ni sifa kwa mashine. Mimi nasema ni sifa kwa waliovumilia.

Sasa nitoke Orlando nije hapa kwetu, maana barua hii nisingeiandika kwa ajili ya Wamarekani.

Sikukuu iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu mdogo kwenye uwanja mmoja wa michezo ya watoto hapa mjini. Sitautaja, wenyewe watajijua. Palikuwa na bembea, magari ya kugongana, jumba la hewa la kurukia, na kitreni kinachopanda kilima kidogo na kushuka kwa kishindo, ndicho watoto wote walichokitaka. Naomba nisikosewe adabu na wakosoaji: kile kilima ni kifupi kuliko geti la jirani yangu, lakini kuna mnyororo wa kuvuta, kuna mteremko, kuna kelele. Kwangu ile ni rola kosta. Nilifurahi zaidi ya mtoto.

Tiketi shilingi elfu mbili, zinauzwa mezani chini ya mwavuli. Ukishapata tiketi, hakuna anayekuambia uende wapi. Mbele ya kitreni kuna kigeti cha bomba, na mbele ya kigeti kuna umati. Sikusema foleni, nimesema umati. Baba wenye vifua vipana wanawanyanyua watoto wao juu ya vichwa vya wenzao na kuwatua ndani. Wanaochomekea wanatokea kushoto, kulia, na chini ya bomba. Kijana wa getini amezidiwa, anapokea mkono wowote ulio karibu na uso wake. Kitreni kikirudi, wanaoshuka wanakutana na wanaopanda kwenye kigeti hichohicho kimoja. Mtoto mmoja akabaki na kiatu kimoja.

Nikakaa pembeni na saa yangu. Tabia ya kazi haiishi. Kitreni kina viti 16. Kuzunguka, dakika tatu. Kushusha na kupakia kwa vurugu ile, dakika saba. Jumla dakika kumi, maana yake mizunguko sita kwa saa, watoto 96. Saa kumi na moja jioni pale mezani walikuwa bado wanachana tiketi kwenye bunda, na mbele ya geti walisimama watoto wasiopungua mia mbili. Taa uwanjani hakuna. Saa kumi na mbili na nusu giza linaanza kunyemelea. Katika saa moja na nusu iliyobaki wangepanda watoto 144. Kwa hiyo watoto hamsini na zaidi walikuwa tayari wameshanunua kitu ambacho hakipo, na mauzo yanaendelea. Giza lilipoingia mashine ikazimwa. Hela hairudi. Mjukuu wangu alilala na tiketi mkononi.

Mwanafunzi wangu wa uani aliniambia kwamba hesabu hii ina mwenyewe, profesa wa Marekani aitwaye John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: kwa wastani, idadi ya waliomo kwenye foleni ni sawa na kasi ya watu kuingia foleni mara muda wa kusubiri. Ukijua mbili, ya tatu unaipata. Nikamwambia pale dirishani tuliijua bila profesa. Ukichungulia ukaona mkia wa foleni umefika kwenye mti, unajua treni itaondoka kabla hujawamaliza, na uungwana ni kutoka ukawaambia walio nyuma ya mti. Ni neno chungu, watu watakutukana, lakini ni bora wakutukane saa kumi na moja kuliko saa moja usiku.

Turudi kwenye kitreni. Tuseme hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, hakuna hata kiti kilichoongezwa. Yamefanyika mambo ya kamba tu: mlango wa kushukia umewekwa upande wa pili, na watoto 16 wanaofuata wamekwisha kuhesabiwa na kusimamishwa kwenye kizuizi chao kabla kitreni hakijarudi. Kupakia kunashuka kutoka dakika saba hadi tatu. Mzunguko ni dakika sita. Mizunguko kumi kwa saa, watoto 160, na katika saa moja na nusu ileile ni 240. Wale mia mbili wote wangepanda na nafasi ikabaki. Mwenye uwanja angeuza zaidi kwa mashine hiyohiyo. Bei ya kamba na vigingi vinne mnaijua.

Namaliza hesabu, nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Mwezi huo huo nilisikia watu wakizungumza kwamba dawa ya fujo ile ni kuweka tiketi maalumu: elfu mbili ya kawaida, elfu tano unapita mbele. Eti ndivyo wanavyofanya wenzetu. Ni kweli wanafanya. Disney walianza mwaka 1999 na FastPass, na ile ilikuwa bure: unachukua kikaratasi chenye saa yako, unaondoka, unarudi saa hiyo. Mwaka 2021 wakaleta ya kulipia kwenye simu. Mwanafunzi anasema hilo ni soko, mwenye haraka alipe. Namwambia hivi: viti vya kitreni, hata ukishaweka zile kamba, ni 160 kwa saa, haviongezeki kwa sababu mtu ametoa elfu tano. Wakipita mbele sitini, foleni ya elfu mbili inabaki na viti mia moja. Ile saa aliyookoa mwenye elfu tano imetolewa kwa mwenye elfu mbili, dakika kwa dakika, na hajalipwa. Kwenye ndege sijui, kwenye hoteli sijui. Lakini mtoto wa miaka sita akiona mwenzake anamruka kwa sababu ya noti, utamweleza nini? Mimi nilijaribu kutunga jibu, nikashindwa.

Kama tunataka kuiga, tuige ile ya kikaratasi chenye saa, maana hiyo kina mama wa Dodoma tumeifanya tangu zamani. Nani asiyejua foleni ya ndoo? Maji yanatoka bombani kidogo kidogo, wewe unapanga ndoo yako nyuma ya dumu la mwenzako, unarudi kuendelea na mboga. Ndoo inasimama kwa niaba yako. Inasogezwa na aliyepo, na anayeihamisha kwa ujanja atajuta, mtaa mzima utamjua. Mwaka 2017 Universal walifungua bustani ya maji inayoitwa Volcano Bay, huko Orlando. Kila mgeni alivaa mkanda mkononi. Aliugusisha kwenye kituo cha mchezo alioutaka, mkanda ukamshikia nafasi, yeye akaenda kuogelea mpaka uite. Wamarekani waliandika sana juu ya uvumbuzi huo. Nami nikamwuliza fundi: hii si ndoo? Akasema ni ndoo yenye betri.

Ila niwe mkweli, ndoo nayo ina ujanja wake. Watu wakishajua nafasi zao zinashikiliwa, wote wanatapakaa kwenye michezo mingine, na huko foleni zinavimba. Na ukigawa saa nyingi kuliko viti, umerudi kwenye tiketi hewa. Kwa uwanja mdogo kama wa kwetu ningeweka namba tu, zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na ubao unaosema sasa tunapakia 81 hadi 96. Mzazi mwenye 150 aende akanunue mahindi ya kuchoma, ampumzishe mtoto kivulini. Vumbi la Agosti pale Nzuguni, kwenye viwanja vya Nanenane, mnalijua, na ule upepo wake. Kumsimamisha mtoto ndani yake saa nzima bila sababu ni kumtafutia kikohozi.

Kuna mtu atasema nawasukuma vijana wa getini wafanye haraka. Hapana. Hapo kwenye haraka mimi ni mkali kuliko wote. Juni 2015, Alton Towers huko Uingereza, mashine inayoitwa The Smiler, yenye mizunguko ya kichwa chini 14, ilisimamisha treni kwa sababu mbele yake behewa tupu lilikuwa limekwama. Mfumo wa seksheni ulifanya kazi yake sawasawa. Mafundi hawakuliona lile behewa, wakaamini mfumo umekosea, wakaupita kwa mkono. Treni yenye watu 16 ikaenda kuligonga. Wasichana wawili walikatwa mguu. Mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya pauni milioni tano. Nilipomsomea bodaboda habari hiyo alinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Kwa hiyo dakika zipunguzwe kwenye kutafuta watoto, kubishana na kugombania geti. Za kufunga mikanda na kuikagua zisiguswe. Na umati ukiwa umemlalia opereta mabegani, hata kufunga mkanda hawezi. Kamba inamlinda yeye kama inavyowalinda watoto.

Kitu kingine kidogo ambacho wenzetu wanakifanya na hakina gharama: kipimo cha urefu kinasimama mwanzoni mwa foleni. Mtoto asiyefika alama anaambiwa palepale, analia kidogo, anapelekwa kwenye mchezo mwingine. Kwetu kijana alikuwa anawapima kwa macho getini, baada ya mtoto kusimama muda wote huo, na baba mwenye sauti nene mtoto wake hurefuka ghafla.

Mhariri, ombi langu kwenu ni jepesi. Mkiandika tena habari ya mashine mpya, iwe ya Riyadh au ya uwanja wa nyuma ya soko, mwulizeni mwenyewe maswali haya: viti vingapi, inaondoka kila baada ya muda gani, na saa ngapi anaacha kuuza tiketi. Akibabaika, andikeni kwamba amebabaika. Na maofisa wanaotoa vibali vya michezo hii wakati wa sikukuu, pamoja na kukagua nondo na waya za umeme, wakague geti: liko moja au yako mawili?

Bodaboda ameniomba niwaambie kwamba yeye hakubaliani nami hata kidogo na kwamba kilomita 250 ni kilomita 250. Nimemwandikia, roho yake itulie.

Kuhusu Nanenane ijayo, kama yupo mwenye kitreni atakayehitaji mtu wa mezani, mimi nipo na sidai malipo. Meza alete yeye, kiti nitakuja nacho. Sharti ni kwamba nikisema tiketi za leo zimekwisha, zimekwisha, hata aliyesimama mbele yangu akiwa ni yeye mwenyewe mwenye kitreni na wanawe.

Wenu,
Mkata Tiketi Mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma.